Chumvi, Muhogo na Akili ya Mtoto

Pemba ni kisiwa. Bahari imekizunguka pande zote, wavuvi huteremsha pweza, changu na dagaa, na mtu yeyote angekisia kwamba wakazi wake hawawezi kupungukiwa iodini, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la madini joto, kwa kuwa vyakula vya baharini ni miongoni mwa vyenye madini hayo kwa wingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kinyume. Kati ya kila watoto 100 wa shule waliopimwa Pemba, 32 walikuwa na uvimbe wa tezi la shingo, yaani rovu. Unguja walikuwa 21. Kipimo cha kati cha iodini kwenye mkojo wa watoto wa Pemba kilikuwa maikrogramu 53 kwa lita, wakati chini ya 100 huhesabiwa kuwa ni upungufu. Chumvi yenye madini joto ilikutwa katika kaya 63 kati ya 100 huko Unguja. Pemba, katika kaya 1. Dhana ya kwamba watu wa visiwani wana kinga ya bahari ilikuwa imekaa muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuipima.

Dhana za namna hiyo zimejaa katika mazungumzo yetu kuhusu chakula na ubongo. Kila wiki simu zetu hupokea orodha ya vyakula vya kuongeza akili: parachichi, mbegu za maboga, tende, asali, habasoda, na vidonge vya mafuta ya samaki vinavyouzwa kwa bei ya mfuko mzima wa unga. Mteja anayelengwa ni mtu mzima mwenye uwezo, ambaye ubongo wake ulishajengwa miaka mingi iliyopita. Sipingi kwamba chakula kinaugusa ubongo. Ushahidi wake ni mkubwa kuliko wauzaji wa vidonge wanavyojua. Ninachosema ni kwamba nguvu ya chakula juu ya akili huonekana zaidi pale kitu fulani kinapokosekana, tena kinapokosekana mapema, katika ujauzito na miaka michache ya mwanzo. Na mambo yanayoamua kama kitakosekana au la hutokea mbali na meza ya chakula: kwenye mashamba ya chumvi, kwenye vinu, na kwenye mapipa ya kuloweka muhogo.

Tuanze na iodini yenyewe. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Jumla ya mahitaji ya maisha yote haijazi kijiko cha chai. Tezi la shingo huitumia kutengeneza homoni, na homoni hizo, kwa mtoto aliye tumboni, ndizo zinazoongoza seli changa za ubongo kuhama kutoka mahali zinapozaliwa hadi zinapotakiwa kukaa, kushikana na nyingine, na kuvikwa ule utando wa mafuta unaoharakisha ujumbe. Katika miezi mitatu ya kwanza tezi la mtoto halijaanza kazi, kwa hiyo hutegemea kabisa homoni za mama. Jambo hili lilithibitishwa katika bonde la Jimi, Papua New Guinea, ambako kuanzia mwaka 1966 watafiti waliwadunga baadhi ya wanawake sindano ya mafuta yenye iodini na wengine sindano ya maji ya chumvi tupu. Jaribio kama hilo leo lisingepitishwa na kamati yoyote ya maadili. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 1971, hayakuacha nafasi ya ubishi: kati ya watoto 534 wa kundi lisilopata iodini, 26 walizaliwa na ulemavu mkubwa wa akili na viungo unaotokana na upungufu huo; kati ya watoto 498 wa kundi lililopata, walikuwa 7. Na mama 6 kati ya hao 7 walikuwa tayari wajawazito siku walipodungwa. Dawa iliwafikia, lakini iliwafikia wakati kazi ya kwanza ya kuujenga ubongo imekwisha kuharibika.

Huenda msomaji akasema kwamba huo ni mkasa wa bonde la mbali lenye uhaba wa kupindukia, na kwamba mtoto wetu anayecheza mpira barabarani na kusoma darasa la nne hana uhusiano nao. Ndiyo maana utafiti wa Bristol, Uingereza, una uzito wa pekee. Watafiti walichukua mikojo iliyohifadhiwa ya akina mama zaidi ya 1,000 waliokuwa katika miezi ya mwanzo ya ujauzito miaka ya mwanzo ya 1990, wakapima iodini, kisha wakatazama matokeo ya watoto wao walipofika umri wa miaka 8 na 9. Watoto ambao mama zao walikuwa na upungufu, wa kiasi kidogo hadi cha wastani tu, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuangukia robo ya mwisho katika uwezo wa lugha, usahihi wa kusoma na kuelewa walichosoma. Mwalimu asingeweza kuwatenga kwa macho. Marekani nako, ambako chumvi ya madini joto ilianza kuuzwa mwaka 1924, wanauchumi waliochambua kumbukumbu za vijana walioingia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wamekadiria kwamba katika robo ya watu waliotoka maeneo yenye upungufu mkubwa zaidi, vipimo vya akili vilipanda kwa takriban pointi 15. Hilo ni ongezeko kubwa mno.

Tanzania ina ushahidi wake pia, na hapa inabidi kusema ukweli wote. Kuanzia mwaka 1986, kabla chumvi haijaanza kuwekewa madini joto nchi nzima, vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi. Ugawaji ulichelewa hapa na kukatika pale, na kuchelewa huko kukawapa watafiti nafasi ya kuwalinganisha watoto waliobebwa tumboni wakati vidonge vipo na ndugu au majirani zao waliobebwa wakati havipo. Mwaka 2009 Erica Field na wenzake walitangaza kwamba waliokingwa tumboni walisoma kati ya miaka 0.35 na 0.56 zaidi ya wenzao, na kwamba wasichana ndio waliofaidika zaidi. Matokeo hayo yalinukuliwa kila mahali. Baadaye watafiti wengine waliipitia upya data ileile, wakakuta makosa, na walipoyasahihisha waliona kwamba takwimu hizo haziwezi kubeba hitimisho zito kiasi hicho. Je, hoja imeanguka? Ingeanguka kama ingesimama juu ya mguu huo mmoja. Lakini bonde la Jimi, Bristol na majeshi ya Marekani ni nchi tofauti, zama tofauti na mbinu tofauti, na zote zinaelekea upande mmoja. Utafiti wa Tanzania unatufundisha tu kwamba ukubwa wa faida katika wilaya zetu haujapimwa sawasawa, na mwandishi anayeendelea kuzitaja zile sehemu za mwaka kana kwamba ni amri ya mahakama anawakosea wasomaji wake.

Kuna pingamizi zito zaidi, na mara nyingi hutolewa na walimu: kinachowarudisha nyuma watoto wetu ni umaskini, madarasa ya wanafunzi 100 na vitabu vinavyogawanywa kwa watu watano, wala si chembe za madini, tena vipimo vya akili vyenyewe vimebuniwa Ulaya na Marekani. Sehemu ya kwanza ni kweli na hakuna anayeikanusha. Ila umaskini hauingii kichwani mwa mtoto kwa miujiza. Unaingia kwa njia zinazotajika, na chakula ni mojawapo ya njia hizo. Mtoto wa Bristol hakuwa na darasa la watu 100. Kuhusu vipimo, tafiti nzuri hazimlinganishi mtoto wa Pemba na wa Boston. Humlinganisha wa Pemba na jirani yake, kwa kipimo kilekile, kwa lugha yao wenyewe. Mfano mzuri uko Embu, Kenya. Kati ya mwaka 1998 na 2000 shule 12 zilipangwa kwa kura: wanafunzi wa baadhi ya shule hizo walipewa githeri, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa kitu shuleni. Wote walitoka katika kata zilezile za wakulima, na wote walisoma katika shule za hali moja. Watoto wa githeri ya nyama ndio waliopiga hatua kubwa zaidi katika kipimo cha kufikiri kwa michoro, ambacho hakihitaji kusoma wala Kiingereza. La kushangaza, kundi la maziwa halikufanya vizuri kuliko lile lisilopewa kitu. Kushiba peke yake, basi, hakuelezi tofauti hiyo. Nyama ilibeba kitu, pengine madini ya chuma na zinki na vitamini B12, ambacho githeri peke yake haikuwa nacho cha kutosha.

Kama chumvi inafundisha habari ya kukosekana, muhogo unafundisha kwamba chakula kinaweza pia kuondoa. Muhogo mchungu una kemikali inayozaa sianidi, na mababu walijua hivyo karne nyingi kabla ya maabara: wakauloweka siku kadhaa, wakauvundika, wakauanika, wakatengeneza makopa au udaga. Sianidi inayobaki, mwili huigeuza kuwa kitu kiitwacho thayosianati, chenye madhara kidogo zaidi, na kwa kazi hiyo unahitaji protini zenye salfa, zile za samaki, nyama na mayai. Mambo mawili hutokea hapo. Kwanza, thayosianati huizuia iodini isiingie kwenye tezi la shingo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti wa Kibelgiji miaka ya 1960 walikuta iodini ni haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na kuwa nadra kusini-magharibi. Kazi zilizofuata zilielekeza kwenye muhogo. Pili, pale muhogo unapoliwa haujatayarishwa vizuri kwa wiki nyingi mfululizo, bila kitoweo cha maana, huja ugonjwa wa konzo: miguu hukakamaa ghafla, na haitarudi tena kuwa kama zamani. Ulielezwa na daktari Trolli huko Kwango, Kongo, mwaka 1938. Nampula, Msumbiji, ulishambulia watu zaidi ya 1,000 mwaka 1981. Tarime, Tanzania, ulizuka mwaka 1985 wakati wa ukame. Mazingira yake ni yaleyale kila mahali. Njaa au vita au lori la mnunuzi linalosubiri hufupisha siku za kuloweka.

Kwa muda mrefu konzo ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa miguu. Mwaka 2013 Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Kahemba, kusini-magharibi mwa Kongo. Watoto wenye konzo walikuwa nyuma katika kumbukumbu na kujifunza, jambo ambalo lingetegemewa. Lakini watoto wa jirani, wanaotembea vizuri na wasio na dalili yoyote, nao walikuwa nyuma ya wenzao wa kijiji kisicho na ugonjwa huo. Mimi naona hilo ndilo tokeo la kutisha kuliko yote katika uwanja huu, kwa sababu linaondoa faraja ya kuamini macho. Na kinga yake ni nyepesi hadi inaudhi: unga wa muhogo ulowanishwe kwa maji, utandazwe wembamba mkekani kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sianidi itoke kama hewa, kisha upikwe ugali kama kawaida. Mbinu hiyo ilibuniwa na mwanakemia Howard Bradbury wa Australia, na imefanya kazi katika vijiji vya Kongo vilivyofundishwa. Haihitaji pesa. Inahitaji mtu wa kwenda kufundisha, na mwaka usio na vita.

Sasa mtu mwenye haraka atauliza: kwa nini tusiwape watoto wote vidonge vya kila kirutubisho, tumalize kazi? Pemba imejibu swali hilo pia, kwa gharama. Jaribio lililochapishwa mwaka 2001 lilionyesha kwamba watoto wadogo wa kisiwa hicho, ambako upungufu wa damu ulikuwa umeenea, walipopewa madini ya chuma kila siku kwa mwaka mmoja walipiga hatua katika lugha, na wale wenye upungufu mkubwa walipiga hatua pia katika kutembea na kutumia viungo. Likafuata jaribio kubwa zaidi, la kuwapa watoto wote chuma pamoja na asidi ya foliki bila kuwapima kwanza. Likasimamishwa kabla ya muda wake: waliopewa vidonge walilazwa hospitali au kufa zaidi ya wasiopewa, kwa takriban asilimia 12, na malaria ikawa mshukiwa mkuu, maana vijidudu vyake navyo vinahitaji chuma. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa kweli na upungufu walifaidika. Hasara iliwaangukia wasio na upungufu. Kirutubisho kilekile kilichofungua ulimi wa mtoto mmoja kilimlaza mwenzake wodini. Kwa hiyo ninaposema kwamba nguvu ya chakula iko katika kuziba pengo, simaanishi pungufu ya hapo: pakiwa hapana pengo, kuongeza hakuleti akili, na wakati mwingine huleta msiba.

Asidi ya foliki kwa wajawazito ni habari nyingine, na ushahidi wake umefungwa tangu jaribio la Uingereza la mwaka 1991 lililoonyesha kwamba hupunguza mgongo wazi kwa karibu robo tatu katika familia zilizowahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo. Mfereji wa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama hajajua kama ni mjamzito, kwa hiyo kidonge cha kliniki huja kimechelewa. Dawa yake ni unga uliorutubishwa kabla. Tanzania ilivitaka viwanda vikubwa viurutubishe unga mwaka 2011. Lakini mahindi ya vijijini husagwa kwenye mashine ya jirani, na huko kirutubisho hakifiki.

Turudi kwa mtu mzima anayenunua vile vidonge vya mafuta ya samaki, maana naye ana haki ya jibu. Miaka kadhaa wataalamu walikuwa na matumaini makubwa na mpango wa ulaji uitwao MIND, uliojengwa na Martha Clare Morris wa Chicago: mboga za majani, kunde, karanga, samaki, nyama nyekundu kwa uchache. Waliofuata ulaji wa namna hiyo kwa hiari yao walionekana kuhifadhi akili vizuri zaidi uzeeni. Lakini ulipofanyiwa jaribio la kura kwa watu 604 wenye miaka 65 na zaidi, kwa miaka 3, matokeo yaliyotoka mwaka 2023 hayakuonyesha tofauti ya maana kati yao na kundi la ulinganisho, ambalo lilisaidiwa tu kupunguza kidogo kiasi cha chakula. Watetezi husema miaka 3 ni michache, na wanaweza kuwa sahihi. Hata hivyo njia iliyothibitika vizuri zaidi kati ya chakula na ubongo wa mzee hupita kwenye mishipa ya damu. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ili kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau uzeeni. Shinikizo la damu, kisukari, unene na lehemu mbaya yamo. Na jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba kulishusha shinikizo la damu kwa nguvu zaidi kulipunguza visa vya udhaifu mdogo wa akili kwa asilimia 19.

Hapo chumvi inarudi ikiwa na sura ya pili, na wapo wanaoona mgongano: huku tunahimizwa chumvi ya madini joto kwa ajili ya ubongo wa mtoto, huku tunaambiwa tupunguze chumvi kwa ajili ya mishipa ya babu. Hesabu inaondoa mgongano huo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Chumvi yenye miligramu 40 za iodini kwa kilo, ikiliwa gramu 5, hutoa maikrogramu 200, na hata sehemu ikipotea jikoni, 150 za mtu mzima zinapatikana. Watu wakipunguza chumvi, kiwango cha madini kinaweza kupandishwa kiwandani. Kinachovuruga hesabu hii ni chumvi ya mawe na ile ya rangi ya waridi, ambazo familia za mjini hununua kwa bei ghali kwa kuwa eti ni za asili. Ni za asili kweli, na ndiyo maana kwa kawaida hazina iodini ya kutosha.

Kazi iliyobaki ni ya uzalishaji. Mwaka 2004, miaka kumi hivi baada ya Tanzania kuanza kuweka madini joto kwenye chumvi, rovu kwa watoto wa shule lilikuwa limeshuka kutoka asilimia 25 ya miaka ya 1980 hadi karibu 7, mafanikio ambayo hatuyasifu vya kutosha. Ila katika utafiti huohuo, kaya 84 kati ya 100 zilikuwa na chumvi yenye madini joto, na 47 tu ndizo zilizokuwa na kiwango kinachotakiwa. Pengo hilo linaanzia kwa wazalishaji wadogo wa pwani, wanaovuna chumvi kwenye vibwawa vya jua, wanainyunyizia madini joto kwa bomba la mkono, na kuuza kwenye magunia yaliyo wazi ambamo unyevu huiondoa iodini polepole. Kiwanda kikubwa hakioni gharama ya nyongeza hiyo. Inakadiriwa kuwa takriban senti 5 za dola kwa kila mlaji kwa mwaka. Mzalishaji mdogo anaiona, maana dawa yake huagizwa kutoka nje na mteja wake sokoni hachagui gunia kwa kuangalia ubongo wa mjukuu ambaye hajazaliwa. Chanjo ya surua hatumwachii kila mzazi akainunue dukani kwa bei ya siku. Serikali huiagiza kwa pamoja na kuipeleka hadi zahanati ya mwisho. Dawa ya chumvi ingeweza kuagizwa vivyo hivyo, ikafikishwa kwa vyama vya wazalishaji bila malipo, na mkaguzi akapita na kile kichupa chake cha kupimia kinachogeuza chumvi kuwa ya zambarau kwa tone moja.